Rojo la pilipili la mapishi ya Asia: kwa nini linaungua kabla kuku hajaiva, na kwa nini ukali hauingii ndani ya nyama?

Jiko la Chumbageni (Tanga) anauliza:

Ndugu wapishi, nawasalimu nyote.

Ninaendesha jiko la kuchoma kuku na mishikaki hapa Tanga, na kwa muda sasa wateja, hasa vijana, wamekuwa wakiulizia kuku wa pilipili wa mitindo ya Asia: yule wa Kikorea mwekundu anayeng'aa, yule wa tandoori wa Kihindi, na wale wa Kithai na wa Kiindonesia. Nimekusanya maelekezo mengi na kuyalinganisha, na kadiri ninavyoyasoma ndivyo yanavyozidi kupingana. Mengine yanataka kuku alowekwe kwa nusu saa, mengine usiku kucha. Mengine yanatia sukari nyingi, mengine mtindi, mengine siki, na yale ya Kithai niliyoyapata hayatii pilipili yoyote kwenye nyama, ingawa chakula cha nchi hiyo kinasifika kwa ukali.

Kinachonisumbua zaidi ni moto. Ninatumia mkaa, na rojo la Kikorea linaungua na kuwa jeusi kabla paja halijaiva karibu na mfupa. Moto ukipunguzwa, kuku anakaa jikoni muda mrefu mno na kukauka. Isitoshe, ladha ya pilipili inabaki juu juu, na ndani nyama haina hata dalili yake. Je, pilipili haiingii kwa sababu muda hautoshi, au kuna jambo jingine? Na katika mitindo hii, upi unafaa jiko la mkaa la wazi, lenye kuku wengi wa kisasa na wachache wa kienyeji? Ningependa kuelewa kanuni yenyewe pamoja na vipimo, kwa sababu mtu akiielewa kanuni anaweza kurekebisha vipimo kulingana na kile kinachopatikana sokoni siku hiyo.

Kinu na Mchi (Nairobi) anajibu:

Ndugu yangu wa Tanga, salamu zako tumezipokea. Jibu la swali lako linaanzia kwenye chumvi, kwa hiyo naomba univumilie nianze huko kabla ya kufika kwenye pilipili.

Vitu tunavyotia katika rojo la viungo havipenyi nyama kwa kiasi kimoja. Chumvi huyeyuka katika maji na chembe zake ni ndogo sana, kwa hiyo huingia polepole lakini kwa hakika, na ikipewa saa za kutosha hufika mbali na kuisaidia nyama kushika maji yake inapokuwa motoni. Kapsaisini, yaani kemikali inayoifanya pilipili iwe kali, haiyeyuki vizuri katika maji. Huyeyuka katika mafuta na katika pombe. Nyama kwa sehemu kubwa ni maji. Ndiyo sababu ukali, pamoja na rangi ya pilipili na sehemu kubwa ya harufu ya kitunguu saumu na viungo vingine, hubaki katika tabaka la milimita chache tu. Hata ukimweka kuku kwenye jokofu kwa siku mbili, pilipili haitafika kwenye mfupa, na kama rojo lako lina ndimu au siki nyingi, siku hizo mbili zitakuwa zimekuharibia nyama, kwa kuwa tindikali kali hubadilisha protini za juu na kuzifanya ziwe za unga unga mdomoni.

Wapishi wa Asia wamelijua jambo hili kwa vitendo tangu zamani, na mitindo unayoiona kuwa inapingana ni njia mbalimbali za kulitatua. Nitaeleza ule wa tandoori, kwa sababu ndio niliouzoea na ndio ninaouamini zaidi kwa mkaa.

Kwanza kuku huvuliwa ngozi, kwa kuwa ngozi yenye mafuta huzuia viungo visiguse nyama. Kisha hukatwa chale ndefu zinazokaribia mfupa, kwenye paja na kifuani. Chale hizo ndizo njia pekee ya kweli ya kupeleka pilipili ndani: pilipili haipenyi nyama, basi mpishi anaifungulia nyama. Baada ya hapo kuku hupakwa mara mbili. Mpako wa kwanza ni chumvi, maji ya ndimu, pilipili ya unga, tangawizi na kitunguu saumu vilivyotwangwa pamoja, naye huachwa kwa nusu saa hadi saa moja. Mpako wa pili ni mtindi mzito uliochujwa kwenye kitambaa, pilipili ya Kashmir, bizari nyembamba, garam masala na mafuta ya haradali, na huo ndio unaokaa kwa saa nne hadi usiku mmoja. Mtindi una tindikali nyepesi kuliko ndimu, hivyo hulainisha nyama bila kuishambulia, na mafuta na protini zake hushika unga wa pilipili mahali pake badala ya kuuacha uchuruzike kwenye makaa. Mtindi usiochujwa hudondoka wote, na kilichobaki juu ya kuku ni madoa.

Nisisitize pia uchaguzi wa pilipili, kwa sababu hapa ndipo majiko mengi ya kwetu yanapokwenda kombo. Pilipili ya Kashmir ina rangi nzito na ukali mdogo, takriban 1,000 hadi 2,000 kwa kipimo cha Scoville, kipimo kilichobuniwa mwaka 1912, wakati pilipili kichaa zetu huweza kufikia 50,000 na kuendelea. Mpishi wa Delhi anaweza kutia vijiko vitatu vya pilipili ya Kashmir kwa kilo moja ya kuku, akapata wekundu na ladha ya tunda lenyewe. Ukitia vijiko hivyo hivyo vya pilipili kichaa, hakuna atakayemaliza kipande. Kama Kashmir haipatikani, chukua pilipili ndefu nyekundu zilizokaushwa, ondoa utando mweupe wa ndani, kwa kuwa kapsaisini hukaa humo zaidi kuliko kwenye mbegu, ziloweke katika maji ya moto, kisha zisage. Rangi ya pilipili nayo huyeyuka katika mafuta, kwa hiyo changanya unga na mafuta ya vuguvugu kabla ya kutia mtindi, nawe utaona wekundu unavyofunguka bila rangi ya dukani.

Sasa moto. Tanuri la tandoori ni la udongo, joto lake huweza kupita nyuzi 400 za Sentigredi, na linamzunguka kuku pande zote, hivyo huiva haraka. Mkaa wa wazi hupiga upande mmoja. Panga makaa yote upande mmoja wa jiko, mweke kuku upande usio na makaa, umfunike kwa sufuria kubwa au mfuniko wa bati hadi akaribie kuiva, ndipo umsogeze juu ya makaa kwa dakika za mwisho. Kuku ameiva panapokuwa na nyuzi 74 karibu na mfupa, na kipimajoto cha nyama ni kifaa ambacho kila jiko la biashara linapaswa kuwa nacho.

Rojo lako la Kikorea linaungua kwa sababu ya sukari. Sukari ya matunda huanza kubadilika rangi kwenye nyuzi 110 hivi, na sukari ya kawaida kwenye nyuzi 160 hivi, wakati wavu ulio juu ya makaa yenye moto mkali unapita hapo kwa mbali. Rojo la mtindi halina sukari nyingi, na hiyo ndiyo sababu nyingine ninayokupendekezea.

Mhamiaji wa Busan anajibu:

Ndugu zangu, nimefurahi kuona mjadala huu. Ninaishi Korea Kusini, na naomba nieleze jambo ambalo naamini litamwondolea muulizaji sehemu kubwa ya usumbufu.

Yule kuku mwekundu anayeng'aa, ambaye vijana wanamwona kwenye video, kwa kawaida halowekwi katika pilipili hata kidogo. Hukaangwa kwanza ndani ya unga mwepesi wa wanga, mara nyingi akikaangwa mara mbili ili ngozi iwe kavu na yenye kuvunjika, na baada ya kuiva kabisa ndipo anapogeuzwageuzwa katika rojo la moto lenye gochujang (rojo lao la pilipili lililochachushwa), kitunguu saumu, sosi ya soya na sharubati nzito ya nafaka. Kung'aa kule ni sukari iliyopata joto kidogo tu. Ukijaribu kuupata mng'ao huo kwa kumpaka kuku mbichi rojo hilo na kumweka juu ya makaa, utapata mkaa mwingine.

Nyama ambazo Wakorea huziloweka kweli katika pilipili ni nyembamba. Kuna nyama ya nguruwe iliyokatwa vipande vyepesi kama karatasi, na kuna dakgalbi, chakula kinachohusishwa na mji wa Chuncheon, ambacho ni nyama ya paja la kuku isiyo na mfupa, iliyokatwa vipande vya kutosha tonge, na kupikwa mezani kwenye bamba pana la chuma pamoja na kabichi, viazi vitamu na vipande vya mkate wa mchele. Kwa vipande vya namna hiyo nusu saa inatosha kabisa, kwa sababu milimita chache alizozitaja ndugu wa Nairobi ndizo karibu unene wote wa nyama. Maelekezo uliyoyasoma hayakudanganya. Yaliandikiwa nyama nyingine na moto mwingine.

Gochujang yenyewe inahitaji kueleweka. Si pilipili iliyosagwa tu. Ni mchanganyiko wa unga wa pilipili, unga wa mchele wa kunata, unga wa soya iliyochachushwa na chumvi, mara nyingi pamoja na kimea cha shayiri, unaoachwa uchachuke kwa miezi mingi. Eneo la Sunchang ndilo linalosifika zaidi kwa utengenezaji wake. Wakati wa kuchachuka, wanga hugeuka kuwa sukari, na protini ya soya hutoa ladha nzito inayokolea mdomoni. Kwa hiyo ina utamu wake tayari kabla hujaongeza kijiko hata kimoja cha sukari. Kwa mkaa, punguza gochujang na uongeze gochugaru, yaani pilipili yao ya unga wenye chembe kubwa, ambayo haina sukari iliyoongezwa wala haigandi.

Kwa kilo moja ya mapaja yasiyo na mfupa mimi hutumia vijiko viwili vikubwa vya gochujang, vitatu vya gochugaru, vitatu vya sosi ya soya, kimoja cha mafuta ya ufuta, kitunguu saumu kingi, tangawizi kidogo, na nusu ya pea iliyokwaruzwa. Sukari siitii hapo. Naichemsha pembeni pamoja na gochujang kidogo, na kuipaka kwa brashi dakika mbili au tatu kabla ya kuku kutoka motoni.

Inanishangaza kila mara kufikiria kwamba nchi hii, ambayo leo haiwezi kufikirika bila pilipili, haikuwa nayo kabla ya mwishoni mwa karne ya 16 au hapo karibu. Maandishi ya hapa ya mwaka 1614 yanaitaja kama kitu kilichotoka nje. Ilitoka bara la Amerika kama ilivyotoka ile ya India, ambako Wareno waliifikisha baada ya kushika Goa mwaka 1510.

Mama Tui (Unguja) anauliza na kuongeza:

Assalaam alaykum wanangu. Nimesoma kwa makini, na nina mambo ambayo ningependa yaelezwe kwa sababu yanatugusa sisi tunaopikia familia na wageni wa shughuli.

La kwanza ni kuhusu hiyo gochujang. Nimesikia kwamba baadhi yake ina pombe. Je, ni kweli, na kuna njia gani ya kuepuka?

La pili ni onyo. Hakuna aliyetaja chombo. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na mchanganyiko wenye ndimu, siki, ukwaju au mtindi ukilazwa humo usiku kucha hula ile alumini, ukatoa ladha ya chuma na rangi ya kijivu. Tumieni bakuli la kioo, la chuma kisichoshika kutu, au la plastiki inayofaa kwa chakula, na liwe ndani ya jokofu, kwa maana joto la kwetu si la kuacha kuku mbichi mezani kwa kisingizio kwamba ana pilipili na ndimu. Vilevile rojo lililobaki baada ya kutoa kuku mbichi lisirudi kwenye brashi mpaka lichemke sawasawa.

La tatu ni papai. Sisi mishikaki ya ng'ombe tunailainisha kwa papai bichi lililokwaruzwa, na sioni kwa nini isifae kwa kuku wa kienyeji aliyekomaa.

Mhamiaji wa Busan anajibu:

Wa alaykumu s-salaam, mama. Ni kweli. Viwanda vingi huongeza pombe kidogo katika gochujang ili isiendelee kuchachuka ndani ya kopo, na huandikwa kwenye orodha ya vilivyomo. Zipo zisizoongezwa, na zipo zenye nembo ya halali zinazouzwa nje ya Korea, kwa hiyo ni suala la kusoma lebo kabla ya kununua. Maelekezo mengi ya Kikorea pia hutia divai ya mchele ili kuondoa harufu ya nyama. Tangawizi na maji ya tunda la pea au tufaha hufanya kazi hiyo vizuri, na hakuna kinachopungua.

Kinu na Mchi (Nairobi) anajibu:

Shikamoo mama. Kuhusu chombo sina la kuongeza, umesema yote.

Kuhusu papai, wapishi wa Lucknow, huko India, nao hulitumia katika kebabu zao laini za nyama nyekundu, hivyo mko njia moja. Utomvu wa papai bichi una kimeng'enya kiitwacho papaini, kinachokata protini, na papai likishaiva kimeng'enya hicho hupungua sana. Hofu yangu ni kwa kuku. Nyama ya ng'ombe ina nyuzi ngumu zinazostahimili, lakini kifua cha kuku wa kisasa hugeuka kuwa uji kwa upande wa nje kabla mtu hajatambua, na kimeng'enya hicho huendelea kufanya kazi hata nyama inapoanza kupata joto motoni. Kwa kuku wa kienyeji aliyekomaa, kijiko kimoja kidogo kwa kilo na muda usiozidi saa moja hivi unakubalika. Nanasi bichi na kiwi vina vimeng'enya vya aina hiyo pia, na tahadhari ni ile ile. Nanasi la kopo halina nguvu hiyo, kwa kuwa limekwisha kupikwa.

Mwana wa Bandari (Mombasa) anajibu:

Ndugu wapishi, naheshimu maelezo ya ndugu wa Nairobi, lakini kuhusu mtindo unaofaa biashara ya mkaa ninatofautiana naye, na ningependa kueleza sababu zangu kwa urefu.

Njia ya tandoori inamtaka mpishi ammudu kuku mbichi juu ya makaa tangu mwanzo hadi mwisho, huku mteja anasubiri. Waindonesia wameliondoa tatizo hilo kwa njia wanayoiita ungkep. Kuku hupikwa kwanza ndani ya viungo vyake, kwa moto mdogo, ndani ya chungu kilichofunikwa, mpaka maji yote yakauke na viungo vigandamane naye. Kisha hupozwa, na anapoagizwa ndipo huwekwa juu ya makaa kwa dakika chache ili apate moshi na rangi. Hapa muda wa kuloweka hauna uzito tena, kwa sababu joto na mchuzi ndivyo vinavyofanya kazi. Chumvi huingia hadi mfupani wakati wa kupika, ngozi inatoa mafuta yake, na mafuta hayo hayo ndiyo yanayoyeyusha kapsaisini na kuisambaza kwenye kila mkunjo wa nyama. Paja haliwezi kuwa bichi karibu na mfupa, kwa kuwa lilikwisha kuiva kabla halijauona mkaa.

Mfano ninaoupenda ni ayam taliwang, kuku wa kisiwa cha Lombok, anayehusishwa na mtaa wa Karang Taliwang katika mji wa Mataram. Kwa asili hutumiwa kuku mchanga wa kienyeji, aliyepasuliwa kifuani na kufunguliwa akawa bapa. Viungo vyake ni pilipili nyekundu zilizokaushwa, pilipili kichaa, vitunguu maji vidogo, kitunguu saumu, nyanya, uduvi uliochachushwa na kukaushwa, kencur ambayo ni ya jamii ya tangawizi, na sukari ya mnazi au ya mtende. Vyote hutwangwa, havikatwi kwa mashine mpaka vikawa maji, kwa sababu rojo lililotwangwa hushika kuku vizuri zaidi; kisha hukaangwa kwa mafuta mpaka mafuta yajitenge na kuelea mekundu. Hatua hii ya kukaanga viungo ndiyo moyo wa jambo lote. Pilipili mbichi iliyotwangwa ina harufu ya majani na ukali unaochoma ncha ya ulimi, lakini ikishakaangwa polepole maji hukauka, utamu wa kitunguu hutoka, na ukali hutulia ukawa wa mdomo mzima. Zaidi ya hayo, maji yakishakauka rojo haliteleziki kutoka kwa kuku. Huko Lombok wapishi wengi humchoma kuku nusu kwanza, wakampaka rojo hili, wakamrudisha motoni huku wakiendelea kumpaka. Kwa kuku mchanga njia hiyo inatosha, lakini kwa kuku wetu mkubwa wa kisasa nashauri aungwe kwanza ndani ya chungu.

Wanaoishi pwani watatambua kwamba njia hii haiko mbali na kuku wa kupaka, ambaye huchomwa na kupakwa rojo la tui. Hata Waindonesia wana namna za kumchemsha kuku katika tui la nazi na manjano kabla ya kumchoma. Kwa hiyo mkono wa mpishi wa Tanga umekwisha kuizoea kazi hii. Kinachobadilika ni viungo.

Kwa kuku mmoja wa kilo moja na nusu, twanga pilipili ndefu nyekundu kavu kumi zilizolowekwa na kutolewa utando, pilipili kichaa kwa kadiri ya wateja wako, vitunguu maji vidogo sita, punje tano za kitunguu saumu, korosho nne badala ya mbegu za kemiri, kipande cha manjano mabichi, na kijiko kidogo cha uduvi mkavu uliokaangwa bila mafuta. Kaanga rojo hilo, tia mchaichai uliopondwa na majani ya ndimu, chumvi gramu 15 hivi, na maji ya dafu au maji ya kawaida yamfikie kuku nusu. Mfunike apike kwa moto mdogo kwa dakika 40 hivi ikiwa ni wa kisasa, na zaidi sana ikiwa ni wa kienyeji aliyekomaa, ukimgeuza mara moja au mbili. Mwishoni fungua, acha mchuzi ukauke. Sukari guru tia katika kile kinachobaki chunguni, na hicho ndicho umpake wakati wa kuchoma.

Jiko la Chumbageni (Tanga) anajibu:

Ninawashukuru sana, na ninamshukuru mama yetu wa Unguja kwa suala la sufuria, ambalo ni zito kwangu kwa kuwa vyombo vyangu vyote vikubwa ni vya alumini. Kwa siku za wateja wengi nitafuata njia ya ungkep, na ile ya mtindi nitaiweka kwa wanaoagiza mapema.

Limebaki swali la Kithai. Je, ni kawaida kweli kwamba nyama haitiwi pilipili? Na kuna jambo la wateja wenye watoto, ambao hutaka kuku huyo huyo bila ukali.

Mwana wa Bandari (Mombasa) anajibu:

Ni kawaida, na inakufaa wewe kuliko unavyodhani. Kuku wa kuchoma wa kaskazini-mashariki mwa Thailand, gai yang, hupakwa mizizi ya giligilani, kitunguu saumu na pilipili manga nyeupe vilivyotwangwa pamoja, akatiwa majimaji ya chumvi ya samaki waliochachushwa na sukari kidogo. Ukali uko kwenye kibakuli cha pembeni. Kila mlaji anajipimia, na mtoto anakula kuku yule yule bila kuguswa na pilipili. Kama mizizi ya giligilani haipatikani, tumia mashina yake ya chini; majani hayana nguvu hiyo.

Kachumbari yao ya kuchovea, nam jim jaew, ni rahisi kwa Tanga kwa sababu ukwaju mnao. Kaanga pilipili kavu kwenye kikaango bila mafuta mpaka zitoe harufu ya moshi, lakini zisigeuke nyeusi, kwa maana hapo zinakuwa chungu. Fungua madirisha, kwani moshi wake hukohoza. Zitwange ziwe za chembe chembe. Changanya ukwaju mzito vijiko vitatu vikubwa, majimaji ya samaki vijiko viwili, maji ya ndimu kimoja, sukari guru kimoja, na pilipili hizo kwa kadiri unavyotaka. Katakata vitunguu maji vidogo na majani ya giligilani juu yake.

Mhamiaji wa Busan anajibu:

Naunga mkono, na niongeze sababu moja ya kitaalamu. Kile kipokezi cha mwilini kinachohisi kapsaisini, kilichotambuliwa mwaka 1997 na timu ya David Julius, ambaye alipata Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2021, ndicho hicho kinachohisi joto linalopita nyuzi 43 hivi. Kuku anayetoka motoni akiwa amepakwa pilipili humfikia mlaji akiwa na moto wa aina mbili kwa pamoja. Kachumbari iliyopoa huonekana nafuu hata ikiwa na pilipili nyingi zaidi, kwa hiyo pima ukali wa rojo la kupaka likiwa la moto, usipime likiwa limetoka kwenye jokofu. Na kwa mteja aliyezidiwa, weka mtindi mezani, maji hayasaidii.

Mama Tui (Unguja) anauliza:

Mwanangu wa Mombasa, nimewahi kula kachumbari hiyo ikiwa na kitu cha kukwaruza mdomoni, chenye harufu ya nafaka iliyochomwa. Hukukitaja.

Mwana wa Bandari (Mombasa) anajibu:

Ahsante mama, hicho ni mchele wa kunata uliokaangwa mkavu mpaka ukawa wa rangi ya dhahabu, kisha ukatwangwa. Kama wa kunata haupo, mchele wa kawaida unafaa. Kaanga kwa moto mdogo, dakika 10 hadi 15, ukikoroga bila kuacha, maana nje ukiungua na ndani ukabaki mweupe utakuwa mgumu kwenye meno. Tia kijiko kimoja kikubwa kwa kibakuli, na utie wakati wa kuandaa tu, kwa sababu ukikaa humo hunyonya maji yote na kachumbari inakuwa nzito isiyochoveka.